Nailoni Hunywa Maji

Katika karakana ya Tanga nilikojifunza ukerezaji, mwanzoni mwa miaka ya 1980, miche ya nailoni ilifungiwa kabatini pamoja na shaba, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa mzee aliyekuwa fundi wetu mkuu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha majuzi tu, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na spea ikivunjika hapakuwa na wa kuiagiza. Ilibidi ichongwe. Walikuja wenye viwanda vya mbao, wenye mashine za kusaga, watu wa mashamba ya mkonge kutoka Muheza na Korogwe, wenye mashua za injini, kila mmoja kakifunga kipande chake kilichokufa ndani ya gazeti. Tulipokosa shaba ya bushi, ile pete ambamo shafti huzunguka, tulitumia nailoni. Baada ya muda wakatokea wateja walioomba nailoni kwanza, hata siku ambazo shaba ilikuwapo.

Walikuwa na sababu. Bushi ya nailoni haipigi kelele. Huvumilia kukosa grisi, na grisi nayo ilikuwa ya kutafutwa. Ni nyepesi: sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 1.14, wakati shaba ya bushi inakaribia mara nane ya hapo. Mafuta, petroli na dizeli haviidhuru. Zaidi ya yote, ikilika hulika yenyewe, shafti ikabaki nzima, mradi tu mchanga usiingie ukajikita ndani yake. Bushi huchongwa kwa saa moja. Shafti ya chuma kizuri, miaka ile, ungeweza kuisubiri mpaka ukasahau uliiagizia nini.

Tatizo la kwanza lilikuwa kuijua. Kila kitu kigumu cheupe kiliingia karakanani kwa jina la nailoni, hasa vile vipande vilivyotoka bandarini ambavyo hakuna aliyetaka kueleza vilipatikanaje. Mzee alikuwa na vipimo viwili. Alikwangua kijipande akakitia kwenye glasi ya maji. Kikielea, ni jamaa ya ndoo na madumu, polithini au polipropilini, na mteja alirudishiwa mzigo wake kwa heshima. Kikizama, alikishika kwa koleo akakiwasha. Nailoni huyeyuka ikidondoka, moto wake ni wa buluu wenye ncha ya manjano, na ukiiondoa kwenye kibiriti aghalabu huzimika yenyewe. Harufu yake ni ya nywele zilizoungua. Alinusa bila wasiwasi. Leo kijana wangu nisingemruhusu, maana zipo plastiki ambazo moshi wake unachoma mapafu, lakini sitasema kwamba kile kipimo hakikufanya kazi.

Ile harufu ya nywele ilinisumbua akili kwa muda mrefu, mpaka nilipoanza kusoma habari za mtu aliyeitwa Wallace Carothers. Alikuwa mkemia wa Kimarekani, akifundisha Harvard, kampuni ya DuPont ikamchukua mwaka 1928 akafanye utafiti katika maabara yake ya Wilmington, jimbo la Delaware. Wakati huo wataalamu bado walibishana kama kweli kunaweza kuwapo molekuli ndefu sana, au kama mpira na hariri ni vijimolekuli vidogo vilivyorundikana tu. Carothers aliamua kuzijenga mwenyewe, kiungo kwa kiungo, kwa kemia ambayo kila mtu aliielewa. Tarehe 28 Februari 1935 maabara yake ilipata ile iliyokuja kuitwa nailoni 66. Hakuiona ikiuzwa. Alikuwa na ugonjwa wa huzuni uliomwandama miaka mingi, na mwezi Aprili 1937, siku mbili baada ya kutimiza umri wa miaka 41, alijiua kwa sumu. Tangazo rasmi lilitolewa Oktoba 1938. Bidhaa ya kwanza ilikuwa nywele za miswaki. Soksi ndefu za wanawake zikaingia madukani kote Marekani tarehe 15 Mei 1940. Kisha vita vikaichukua yote kwa ajili ya miavuli ya askari na kamba. Ujerumani nako, mwaka 1938, Paul Schlack alipata nailoni 6 kwa njia nyingine, kutokana na kemikali moja iitwayo kaprolaktamu. Miche minene tuliyokuwa tukiikereza Tanga mingi ilikuwa ya ukoo huu wa pili, kwa sababu kaprolaktamu iliyoyeyushwa inaweza kumiminwa kwenye kalibu ikagandia humohumo, hata kwa unene ambao mashine za kusukuma plastiki haziuwezi.

Sasa, zile namba. Nailoni 66 huundwa na kemikali mbili, kila moja ikiwa na atomi sita za kaboni. Moja ina ncha za asidi, ya pili ina ncha za amini. Ncha ya asidi ikikutana na ncha ya amini hushikana, na kila zinaposhikana hutoka molekuli moja ya maji. Ndivyo mnyororo unavyorefuka, sita kwa sita, na maji yanaendelea kutolewa. Pale zinaposhikana hubaki kiungo kiitwacho amidi, na kiungo hichohicho ndicho kinachofunga protini za nywele, sufu, kucha na hariri. Harufu ya karakana yetu haikuwa ya bahati. Carothers alikuwa akiifuata hariri, na aliifikia kwa karibu kiasi hicho.

Amidi hizo ndizo siri ya uimara wake. Katika kila amidi kuna oksijeni inayovuta, na haidrojeni iliyo tayari kuvutwa. Mnyororo mmoja ukilala kando ya mwingine, oksijeni ya huyu huishika haidrojeni ya yule, mara maelfu na maelfu. Polithini, ambayo minyororo yake haina cha kushikana nacho, huyeyuka kwenye nyuzijoto 130 au pungufu. Nailoni 6 husubiri mpaka karibu 220, na 66 mpaka karibu 260. Mvutano huohuo ndio unaoifanya istahimili kukwaruzwa na kuvutwa.

Lakini kuna kitu kingine ambacho oksijeni na haidrojeni hizo hukishika. Ni maji.

Hilo sikulijua kwa kusoma. Alikuja msimamizi wa pampu wa shamba moja, amepanda lori la mkonge, na pampu yake imeshikiliwa na watu wawili.

"Shikamoo mzee. Imekamata."

"Marahaba. Imekamata lini?"

"Bushi ni mpya. Imetengenezwa mjini, siyo hapa. Wiki ya kwanza ilizunguka vizuri kabisa. Halafu ikawa nzito, nzito, jana mota ikakataa."

Mzee aliisukuma bushi nje kwa presi, akaipima, akaipima na shafti, akanipa venia nami nipime. Tundu lilikuwa limebana shafti. Hapakuwa na dalili ya kuungua wala kulika. Nilisema aliyeichonga alikosea kipimo.

"Hakukosea," mzee alisema. "Kipimo chake kilikuwa sahihi kabisa siku aliyoikereza. Aliikereza kama shaba. Hii hunywa maji, mwanangu. Ukiipeleka majini, lazima uiachie nafasi ya kushiba."

Nailoni 6 iliyozamishwa majini hadi itosheke hubeba maji kiasi cha asilimia tisa hivi ya uzito wake. Nailoni 66 hubeba kama asilimia nane na nusu. Hata hewani tu, katika unyevu wa wastani, huchukua asilimia mbili na nusu au tatu. Na ikinywa inakua: asilimia mbili au zaidi kwa urefu, upana na kimo. Mtu akisikia hivyo hudhani kwamba tundu la bushi nalo litapanuka, na kwa bushi iliyo huru mezani ni kweli kabisa. Pete nzima hukua, tundu pamoja nayo. Bushi iliyopigwa ndani ya chuma haina pa kwenda nje. Ukuta wake unanenepa kuelekea ndani tu. Chukua bushi yenye ukuta wa milimita 10: kila upande ukinenepa kwa robo milimita, tundu limekwisha kupungua nusu milimita, na mara nyingi ni zaidi, kwa sababu hata ule ukuaji wa kuzunguka mzingo, ulionyimwa nafasi, hugeukia humo humo. Fundi wa shaba huacha sehemu ya kumi ya milimita au chini ya hapo akajiona amekuwa mkarimu.

Na siyo maji pekee. Joto huikuza nailoni kwa kiasi cha mara saba kuliko chuma. Yenyewe haipitishi joto vizuri, karibu mara mia mbili chini ya chuma, kwa hiyo moto unaozaliwa kwenye msuguano hubaki palepale ulipozaliwa. Bushi ikibana kidogo hupata joto, ikipata joto inakua, ikikua inabana zaidi. Ndiyo maana ile pampu haikufa pole pole mwishoni. Ilivumilia wiki kadhaa kisha ikakataa siku moja.

Tangu hapo nilianza kusikia swali ambalo mzee alikuwa akilisema siku zote na mimi nalichukulia kuwa salamu za kibiashara. Mteja akiweka kipande mezani, mzee hakuuliza kwanza vipimo. Aliuliza, "Itakaa wapi hii?" Majini, juani, karibu na injini, kwenye vumbi la unga, karibu na betri? Akiambiwa betri alikataa nailoni papo hapo, kwa kuwa asidi ya betri huila. Waliovaa mashati ya nailoni miaka ile na kubeba betri za magari wanajua yale matundu. Akiambiwa juani alitafuta iliyo nyeusi, maana masizi yaliyochanganywa ndani yake huikinga na mwanga unaoikata minyororo. Vipimo vilikuja mwisho, na vilibadilika kulingana na majibu. Ukuta ule ule wa milimita 10, kwa mashine ya kusaga ungekerezwa hivi, kwa pampu vingine kabisa.

Ilinichukua muda kuona kwamba kiu ya nailoni si dosari iliyoingia kwa bahati mbaya, ambayo mkemia hodari zaidi angeiondoa akabaki na uzuri mtupu. Mahali inaposhikana yenyewe kwa yenyewe ndipo hapohapo maji yanapoingia. Ukiiondolea minyororo amidi zake ili isinywe, umeiondolea pia kilichoifanya iwe imara. Zipo nailoni za namba kubwa, 11 na 12, ambazo amidi zake zimetawanyika mbali mbali. Hunywa kidogo sana, hutumika kwa mirija ya mafuta na ya breki za upepo, na huyeyuka mapema zaidi, kwenye nyuzijoto 180 au 190 hivi. Hakuna aliyepewa kimoja bila kingine.

Na maji yenyewe si adui tu. Nailoni iliyokauka kabisa ni ngumu lakini ni kavu pia kwa tabia: ukiigonga inapasuka. Maji yakiingia kati ya minyororo huilegeza, ikapoteza karibu nusu ya ukakamavu wake, ikapata uwezo wa kupinda na kumeza kishindo. Gia ndogo za cherehani tulizikereza kutoka katika moyo wa mche mnene. Mche ule ungeweza kukaa kabatini Tanga, mji ambao hata chumvi hutota, kwa miaka, na moyo wake ukabaki mkavu, kwani maji hupenya polepole mno na unene ukiongezeka mara mbili muda unaongezeka mara nne. Kwa hiyo mzee alizitia gia mpya kwenye sufuria akazichemsha, juu ya jiko lile lile la chai, na mama aliyetuuzia maandazi hakuacha kumwuliza anapika nini na lini kitaiva. Gia zilitoka zimekuwa kubwa kwa unywele, na hilo lilikuwa limehesabiwa kabla ya kukata meno. Vijana wanaolalamika leo kwamba zile kamba za plastiki za kufungia nyaya hukatika wakizivuta, hasa zilizokaa dukani bara wakati wa kiangazi, wamekutana na jambo hilohilo. Nyingi ni nailoni 66, na zimekauka. Zitie kwenye mfuko wenye kitambaa kibichi usiku mmoja.

Kuikereza kulikuwa na raha yake yenyewe. Kisu lazima kiwe kikali, kikali kuliko cha chuma, maana nailoni haikatiki kwa nguvu, hujisogeza ikakukwepa. Chenga zake hazivunjiki. Hutoka ndefu kama tambi za Idi na kujizungushia shafti, na usipozitoa zinapata joto. Taya za mashine ukizikaza sana, kipande huminyika, unakikereza duara, ukikifungua kinakuwa yai. Maikromita nayo hudanganya, kwa kuwa huiminya. Tuliweka kipande kipoe, tukanywa chai, ndipo tukapima.

Katika yote hayo, jambo moja lilikaa mbele yetu na sikumbuki tuliwahi kulizungumza. Kazi zetu nyingi zililipwa na mkonge. Mkonge wenyewe ni mgeni: Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, vichipukizi elfu moja, na vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62. Kutokana na hivyo ukatoka utajiri wa mkoa mzima. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000, ikaongoza duniani. Katikati ya miaka ya 1980 hata robo ya kiasi hicho haikufikiwa. Watu wa Tanga hubishana mpaka leo kama lawama ni ya kutaifisha mashamba mwaka 1967, ya usimamizi, au ya soko, na nadhani kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Lakini soko lilikuwa zito. Kamba za kufungia meli, zinazotakiwa kuvutika bila kukatika, zilichukuliwa na nailoni. Uzi wa kufungia majani makavu mashambani Ulaya na Marekani, ambao ndio uliokuwa mlo mkubwa wa mkonge, ulichukuliwa na polipropilini. Nasi tulikaa pale, tukikereza bushi za nailoni za mashine za kusindika mkonge, tukishukuru kupata kazi. Mzee alikuwa na shauku kubwa mno na nailoni kiasi kwamba sidhani angeikataa hata angejua. Mimi ningesita, walau siku moja.

Baadaye nilihamia Dar es Salaam, na huko nikaizoea plastiki nyingine nyeupe, asetali, iliyoanza kuonekana madukani. Ukiitazama utadhani ni nailoni. Inazama kwa haraka zaidi, uzito wake ni gramu 1.41, na moto wake ni wa buluu usioonekana vizuri mchana, na hiyo usithubutu kuinusa, kwa kuwa hutoa gesi ya fomaldehaidi. Kwenye maji haikui kiasi cha kukusumbua. Kwa pampu, sasa, nachukua asetali bila kufikiri mara mbili. Lakini kwa gurudumu linalogongwagongwa, au puli inayobeba mzigo wenye mishtuko, narudi kwenye nailoni. Vijana huniuliza ipi bora, nami huwarudishia swali la mzee, wanakasirika.

Mahali ambapo swali hilo ninalisema sana siku hizi ni kwenye rejeta za magari. Yale matangi meusi ya juu na ya chini, yaliyobanwa kwenye alumini, ni nailoni 66 iliyotiwa nyuzi za kioo asilimia 30. Si siri, mara nyingi imechapwa palepale, PA66-GF30, kwenye ukuta wa tangi. Kioo huipa ukakamavu ambao maji hayawezi kuuondoa wote. Lakini kumbuka nilivyosema, kwamba inapoumbika hutoa maji. Jambo hilo lina njia ya kurudi. Maji ya moto, yanayokaribia na kupita nyuzijoto 100 chini ya mgandamizo, mwaka baada ya mwaka, huirudisha kemia nyuma: molekuli ya maji huingia kwenye amidi, amidi inafunguka, mnyororo unakuwa miwili. Tangi hubadilika rangi, linakuwa la unga unga kwa ndani, kisha ufa mdogo shingoni pale mpira wa maji unapofungwa. Madereva husema ni plastiki ya bei rahisi ya siku hizi. Magari ya Ujerumani na Japani ya bei mbaya yana tangi la namna hiyo hiyo.

Dereva wa teksi aliniletea la kwake, amelizungusha gundi za rangi tatu. Alitaka ya nne. Nilimweleza kwamba nailoni ni ngumu kushikwa na gundi, hasa iliyoloa mafuta na kemikali ya kupoozea, na kwamba hata ikishika nje, ukuta wenyewe umekwisha kuoza kwa ndani. Ufa mwingine utafunguka sentimita mbili pembeni. Nilimshauri anunue tangi jipya tulibanie kwenye alumini ileile, bei yake ni ndogo kuliko ya kichwa cha injini kitakachoharibika maji yakivuja yote.

"Fundi, gundi shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Akalipia gundi.